Kisanduku cha Mama Mkwe

Vijana wangu, mkitaka kujua nani ana sauti katika nyumba ya watu wa Mbozi, msianze kwa kuuliza. Ombeni maji ya kunywa. Kisha tulieni mwone nani anamtuma nani, nani anainuka, nani anabaki amekaa, na kikombe kinatoka kabati la nani. Mimi nimekunywa maji mengi sana katika kazi hii, mengine yananuka moshi, mengine yana chumvi kule bondeni Momba, na sijuti hata kikombe kimoja, ukiacha kile kilichonilaza kitandani pale Kamsamba.

Mimi ni Namfukwe. Wenyeji mnajua, kwetu Wanamwanga jina la mwanamke huanza hivyo, na kaka zangu ni akina Simfukwe. Niliajiriwa kama bibi shamba enzi ambazo neno lenyewe lilikuwa linawachekesha watu. Nikishuka kwenye baiskeli kijijini wazee wananiangalia, wanaangalia nyuma yangu, halafu wananiuliza, "Bwana shamba mwenyewe anakuja saa ngapi?" Nawaambia ndiye huyu mliyempokea. Wanacheka, tunaendelea na kazi ya mbolea. Wakati huo bado tuko Mkoa wa Mbeya, Songwe ni jina la mto tu, na Vwawa ilikuwa mji wa kupita ukitazama dirishani.

Zama zile kahawa ilikuwa ya wanaume na maharage yalikuwa mboga. Hakuna mwanaume aliyejisumbua kujua mke wake kapanda maharage mangapi. Ikaja biashara huria. Wanunuzi wakaanza kupanda kutoka Tunduma na magari yao, wanataka maharage ya kupeleka Zambia na Kongo, wanalipa papo hapo. Basi ghafla waume wakagundua kwamba na wao wanayapenda sana maharage. Niliona kwa macho yangu mzee mmoja wa Mlowo akimuuliza mkewe, kwa upole kabisa, shamba lao la maharage liko upande gani.

Ni hapo miradi ikaanza kutuuliza habari za wanawake. Mradi unaleta mbegu, unaleta mafunzo, halafu wenye fedha wanataka kujua kama yule mwanamke sasa ana usemi kuliko zamani. Swali zuri, silikatai. Ila gunia la mahindi unaliweka kwenye mzani na mzani unakujibu. Usemi wa mtu utauning'iniza kwenye mzani gani? Wakatafutwa watu wa kuzunguka na madodoso, na kwa kuwa nilijua njia zote za Mbozi na Momba, nikachukuliwa mimi.

Ninyi mnaoianza kazi hii sasa mna vishikwambi, dodoso linaruka lenyewe maswali yasiyohusika. Sisi tulibeba karatasi kwenye mfuko wa nailoni, na mvua ya Mbozi haina adabu. Halafu Kiswahili cha madodoso yale! Swali moja lilisomeka hivi: "Je, unajisikia kuwa na uwezo wa kushawishi maamuzi yanayokuhusu?" Nilimsomea mama mmoja, akafikiri kidogo, akajibu, "Namshukuru Mungu, leo najisikia vizuri, ni mgongo tu." Nikalisoma tena polepole. Akanihurumia, akaniambia nami nitapona.

Kulikuwa na mchezo mwingine, wa ngazi. Unamchorea mama ngazi chini kwenye vumbi, unamwambia juu kabisa ni mtu mwenye usemi mwingi, chini kabisa ni asiye na usemi, wewe uko wapi? Nikaupeleka bondeni Momba kwa mama mmoja wa familia ya wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Akaitazama ile ngazi, akanitazama mimi.

"Mama, hali hii unaniona, halafu unanipandisha ngazi?"

"Ni ya mfano tu, dada."

"Basi apande mume wangu, mimi nitamshikia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nikiwa pale chini nikagundua kwamba mama yule alikuwa amenijibu vizuri kuliko nilivyouliza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Simbeye, bwana shamba wa zamani aliyestaafu nikiwa bado mgeni. Yeye hakuwa na nadharia. Aliniambia kitu kimoja: ukimkuta mtu ana kazi mkononi, ishike na wewe kwanza. Ukimkuta anapukuchua maharage, pukuchua. Ukimkuta anachambua kahawa mezani, chambua. Mtu akiona vidole vyako vinafanya kazi, mdomo wake unafunguka bila kulazimishwa, na wewe huna haja ya kumtolea macho kama polisi. Ushauri huo niliutumia mpaka siku ya mwisho, na kucha zangu mnaziona.

Sasa niwaambie habari ya kata ya Hasamba, maana ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kukaa hapa kuzungumza nanyi.

Kijiji kimoja huko kiliwapa wanawake kipande cha bonde chenye unyevunyevu, wazalishe mbegu bora za maharage. Kiliwapa kwa sharti: bonde ni lao muda wote mradi utakapokuwepo. Mradi ukiondoka, linarudi kijijini. Na kila aliyelipita bonde lile alikuwa analimezea mate, hasa wazee wawili watatu waliotaka kulima kabichi.

Mmoja wa akina mama wale alikuwa Mama Ezekia. Mwembamba, mpole, mtoto mgongoni saa zote. Alikuwa bado anapika kwenye jiko la mama mkwe wake, Bibi Sabina. Kwa watu wa pale, mkwe anapoolewa haingii na jiko lake. Anapika na mama mkwe, chakula kinatoka kihenge cha mama mkwe, mpaka siku mama mkwe atakapoona inatosha na kumruhusu ajenge jiko lake. Wengine huruhusiwa mapema. Mama Ezekia alikuwa ameshazaa na bado anaomba maharage kwa bakuli.

Ila nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la matofali ya kuchoma. Kila msimu wa bonde ulipokwisha, lundo linapanda kidogo. Aliniambia wazi siku moja tukiwa bondeni, ameinamia matuta yake. "Bibi Shamba, haya ni ya jiko langu. Bonde likibaki, nitamaliza. Likienda, sijui." Sikumsahau kwa maneno yale.

Tukafanya upimaji. Majibu ya kijiji kile yakatoka vibaya kuliko vyote. Nani anaamua maharage yauzwe? Mume. Nani anaamua yaliwe kiasi gani? Mume. Mama Ezekia naye, mume, mume, mume, kutoka juu mpaka chini. Mkuu wetu wa tathmini, mwanamke msomi kutoka Kilimanjaro tuliyemwita Dokta, mwepesi wa akili na mwepesi wa kuchoka, akasoma majibu pale ofisini Vwawa akakunja uso. "Hapa hakuna kilichosogea. Msimu ujao tuhamie kijiji kingine."

Mimi nilimjua Baba Ezekia. Mwanaume wa kahawa na redio. Ungemuuliza kihenge cha maharage kina mlango upande gani angekwambia ngoja kwanza taarifa ya habari iishe. Nikamwomba Dokta aniruhusu nirudie nyumba chache kabla hajafunga hesabu zake. Akanikubalia kwa shingo upande, akanipa na kijana wa kunisaidia, Elia.

Elia alitoka chuo mwaka uleule, mtoto wa mjini, viatu vyeupe. Kwanza niseme alivyonichekesha njiani. Tulikuwa na karatasi ya kuandika jinsi mama alivyotumia siku yake ya jana. Elia alimhoji mama mmoja aliyeshinda amekaa mkekani akipukuchua maharage, mtoto ananyonya, na huku anachungulia chungu. Kwenye karatasi Elia akaandika: kupumzika. Nikamuuliza kwa nini. "Mama, si alikuwa amekaa?" Kesho yake nikamkalisha mkekani na gunia la maharage makavu. Kabla ya adhuhuri aliomba mwenyewe kuandika upya.

Kwa Mama Ezekia tulikuwa na shida inayoeleweka. Maelekezo yalisema mwanamke ahojiwe mbali na mwanaume, na tulifuata kama Amri Kumi. Baba Ezekia tulimwondoa kwa urahisi, tulimwambia tu kuna mpira redioni. Ila Bibi Sabina alikuwa palepale kwenye kigoda, na upimaji wa kwanza alikuwa palepale vilevile, na hakuna aliyeona tatizo, kwa kuwa naye ni mwanamke. Tena alikuwa anamsaidia mkwe wake kujibu. Ukiuliza swali, Mama Ezekia anatazama chini, Bibi anasema, "Mume. Andika mume, mwanangu."

Safari hii nikatumia ujanja ambao naomba muujue, utawafaa. Nikamwambia Elia, "Mchukue Bibi kule upande wa kahawa, mhoji na yeye. Soma maswali yote, usiache hata moja, tena soma taratibu." Mahojiano yale hayakuwa na kazi yoyote, yalikuwa ya kumshughulisha tu. Bibi Sabina akafurahi mno kwamba hatimaye serikali imemkumbuka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda.

Mimi nikabaki na Mama Ezekia na ungo wa maharage kati yetu. Tukapukuchua kwanza. Halafu nikaacha kuuliza nani huwa anaamua. Nikauliza, "Mara ya mwisho maharage yalipotoka kihengeni, ilikuwaje?"

"Nilienda kwa mama, nikapiga magoti, nikaomba."

"Mume wako?"

"Alikuwa Vwawa. Hajui."

"Sasa kwenye dodoso ulisema mume."

Akatabasamu, mara ya kwanza namwona anatabasamu. "Bibi Shamba, nikimtaja mume hakuna anayeumia. Kila mwanamke anamtaja mume, na mume mwenyewe anafurahi. Nikimtaja mama, amekaa pale, nimemshtaki kwa wageni. Mimi nitalala wapi? Na karatasi yenu ina mume, ina mke, ina wote wawili. Mama mkwe mmemweka wapi?"

Ni kweli. Kulikuwa na kisanduku cha "mwingine", na huko tulikuwa tunajumlisha mashemeji, wapangaji na makosa ya kuandika, halafu hakuna aliyekitazama. Nikamuuliza na maharage ya bondeni je. Akajibu bila kufikiri, "Yale ni yangu." Kisha akanishika mkono, mikono yetu yote imejaa maganda. "Bonde litabaki?"

Elia akarudi ametota jasho. "Mama, huyu bibi noma. Amenihoji mimi! Ameniuliza nimeoa lini, mama yangu analima nini, na kwetu nani anashika ufunguo wa stoo." Nikamuuliza, na Bibi mwenyewe amejibu nini? Akasema, "Amesema mume hutajwa kwa heshima tu, maharage ya nyumba hii ni yake, wanaume hawajui chochote, na mkwe akitaka aombe kama yeye alivyoomba zamani. Ila ya bondeni hayagusi, kwa sababu ile si ardhi ya ukoo. Ndiyo, na amesema viatu vyangu ni vya mtu mvivu."

Basi mahojiano ya danganya toto ndiyo yaliyotuambia ukweli kwa sauti kubwa kuliko yote. Sisi tulikuwa tunapima mwanamke na mume wake, na jambo lenyewe lilikuwa kati ya mwanamke na mwanamke. Tukazunguka nyumba zilizobaki tukiuliza kwa njia hiyo, na karibu kila nyumba yenye mkwe kijana ikatupeleka kwenye kigoda cha mama mkwe.

Dokta hakukubali upesi. Alituambia dodoso hilohilo linatumika nchi nyingi, haliwezi kubadilishwa kwa ajili ya bibi mmoja wa Hasamba. Nikamwambia, "Dokta, nisamehe nikuulize kama mama yako. Ukienda ukweni, unafunua chungu?" Akanitazama. Halafu akaanza kucheka, na yeye hakuwa mtu wa kucheka. "Sifunui mpaka niambiwe," akasema. "Mimi, na shahada zangu zote." Akachukua kalamu akachora kisanduku kipya pembeni ya kile cha mume. Lakini akasema uamuzi kuhusu bonde utangoja mkutano wa mrejesho, kijiji chenyewe kizungumze.

Mkutano ulifanyika uwanja wa ofisi ya kijiji. Mrejesho maana yake mnarudisha majibu kwa walioyatoa, na msiuache kamwe hata mkuu wenu akisema muda hakuna. Dokta akasoma majibu ya kwanza, halafu ya pili. Mzee mmoja wa kabichi akasimama haraka. Akasema, kwa heshima zote, wanawake wenyewe wamekiri kuwa wanaume ndio waamuzi, na hayo mengine ya jikoni si ya kupeleka mkutanoni, kwa hiyo bonde lirudi. Dokta akawauliza akina mama wanasemaje. Wakwe zao wa kiume walikuwa pale, wamekaa mbele, na mbele ya baba mkwe mwanamke wa kule hainui uso, sembuse sauti. Mama Ezekia alikuwa amefunika kichwa kwa kanga anatazama vidole vya miguu yake. Nilikuwa na hasira hata nikasahau kuwa mimi ni mtumishi tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niharibu kazi.

Bibi Sabina akanitangulia. Alisimama kwa kuegemea bega la jirani.

"Ninyi wanaume mnajisifia kitu ambacho hamna," alisema. "Mwanangu yule pale, mwambieni aseme kihenge kina maharage kiasi gani." Baba Ezekia akaangalia redio yake. Watu wakaanza kucheka. "Hajui. Kihenge ni changu. Nilikipata kwa mama mkwe wangu, na sikupewa mpaka alipozikwa. Nilipika kwenye jiko la mwenzangu mpaka nikaota mvi. Nilifikiri ndiyo heshima." Hapo akawageukia wazee wa kabichi. "Bonde si langu, si la mwanangu, wala si la kabichi ya mtu. Ni la hawa wakwe. Waacheni. Huyu wangu ajenge jiko lake kabla sijafa, maana nimechoka kuyazunguka matofali yake kila nikienda chooni."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, mzee wa kabichi naye. Mama Ezekia alijifunika kanga uso wote, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Mwenyekiti akauliza nani anapinga, na hakuna aliyetaka kupingana na Bibi Sabina mchana kweupe. Bonde likabaki kwa akina mama, mradi uwepo usiwepo.

Nilipopita tena kijijini pale, lundo la matofali halikuwepo. Kulikuwa na jiko dogo lenye mlango wa bati, na moshi unatoka. Bibi Sabina alikuwa ndani kwenye kigoda chake, anamwelekeza mkwe wake namna ya kuweka chumvi. Nikaomba maji. Mama Ezekia akachota mwenyewe, kwa kikombe chake, akampa kwanza mama mkwe, halafu mimi.

Nilistaafu. Siku moja nikaenda Mlowo kununua maharage ya nyumbani, nikasikia sauti ninayoijua. Mama Ezekia, amenenepa, amevaa kilemba, kasimama kando ya magunia na msichana mmoja mwenye kitenge kipya kabisa. Mnunuzi wa Tunduma alikuwa anajaza gunia lumbesa, analishindilia kwa goti na kuliongezea kichwa juu, na huku anaongea kwa haraka ili kichwa hicho kisionekane.

"Mama, hapa tumeelewana, si ndiyo?" mnunuzi akasema.

Mama Ezekia akanyoosha mkono kwa yule msichana. "Mimi nimesindikiza tu. Mwenye mzigo ni mkwe wangu."

Ndiyo, Ezekia yule wa mgongoni alikuwa ameoa. Msichana akainama, akafungua gunia, akamwaga kile kichwa cha juu chote kwenye turubai. "Kaka, gunia ni gunia," akasema, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Mama Ezekia akaniona. Akanikumbatia tukacheka kama tuliopoteana vitani. Kisha akanigeuza nimtazame vizuri yule msichana, ambaye sasa alikuwa amesimama katikati ya mnunuzi na gari lake.

"Bibi Shamba, umemwona? Ana jiko lake tangu wiki aliyoolewa. Liandike hilo."

"Nimestaafu, mwanangu. Sina hata karatasi."

"Basi wasimulie," akasema, akarudi kushika mdomo wa gunia ili mkwe wake afunge.